Umeme Ukirudi, Seva Iinuke Yenyewe

Maneno haya niliyasema Lubumbashi, Kongo, mbele ya walimu, wauguzi, wenye maduka ya dawa na wanafunzi wa informatiki. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini. Mizaha mingine nimeiacha hukohuko.

Wapapa na wamama, wayaya, wadogo zangu, jambo yenu wote.

Nimeombwa niseme juu ya kuendesha programu ya wavuti kwenye mashine yako mwenyewe, ndani ya konteina. Wengi mliokaa hapa mbele mnatafuta daftari la minervali (karo ya shule) lisilopotea, au fishi (kadi) za wagonjwa zisizoliwa na panya, na mmesikia kwamba kuna vijana wanaoweza kukuwekea kasanduku kadogo pembeni ya ofisi kakafanya kazi hiyo. Ni kweli, wapo, na mimi ni mmoja wao. Ila leo siuzi kitu. Nataka ninyi wakubwa mjue namna ya kumhoji kijana anayewauzia, na ninyi vijana mjue namna ya kujibu bila kutazama chini.

Swali la kumhoji ni hili. Umeme ukikatika saa nane usiku, ukarudi saa kumi na moja alfajiri, na ofisini hakuna mtu, je, mwalimu wa kwanza kuingia asubuhi ataikuta programu inafanya kazi? Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu ambao umeme kwao haukatiki, kwa hiyo vinafundisha namna ya kuizuia seva, yaani hako kasanduku, isianguke. Sisi delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, tunaijua. Seva ya mtaa wa Katuba itaanguka Jumatatu, na Alhamisi huenda ikaanguka tena. Afadhali tujifunze kuinuka kwake.

Kwa nini mtu ajitwishe mzigo huu badala ya kulipia huduma iliyo tayari huko nje? Kwa shule nyingi jibu ni mega, yaani bando la intaneti. Mtunza hazina anayeandika minervali ya watoto mia sita hana sababu ya kutuma kila jina hadi Ulaya na kulirudisha ili alione kwenye skrini iliyo mbele ya macho yake. Mtandao ukilala, naye analala. Seva ikiwa chumba cha pili, ruta ndogo na waya vinatosha, intaneti iwepo isiwepo. Halafu kuna habari ya kadi: huduma za nje zinataka dola kila mwezi kwa kadi ya benki, na siku kadi ya prefe, mkuu wa shule, imepitwa na wakati, data ya shule nzima inafungiwa mlango. Zaidi ya hapo sitetei sana. Barua pepe, kwa mfano, msiendeshe wenyewe. Barua zinazotoka kwenye anwani za mitandao ya simu hukataliwa na wapokeaji wengi kabla hata hazijasomwa, na utazeeka ukihangaika nazo.

Sasa konteina. Watu hudhani ni mashine ndogo ndani ya mashine kubwa. Siyo. Ni programu ya kawaida inayotumia kiini kilekile cha Linux (sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta) ambacho mashine yako inakitumia, ila kiini hicho kimeizungushia kuta: inaona faili zake tu, haioni programu nyingine zinazoendeshwa, ina anwani yake ya mtandao, na inaweza kupimiwa RAM na prosesa. Kuta hizo hazikujengwa siku moja. Tangu 1979 Unix ilikuwa na amri ya kuifanya programu ione folda moja kama ndiyo diski nzima. Mwaka 2008 Linux ikaingiza cgroups, kazi iliyoanzwa na wahandisi wa Google, na hapo ndipo upimaji wa rasilimali ulipopata msingi. Machi 2013, kwenye mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Santa Clara, California, Solomon Hykes akapewa dakika tano, akaonyesha Docker, programu ya kuunda na kuendesha konteina. Mambo ya mabingwa yakawa amri moja. Leo kuna Podman pia, ambayo haihitaji programu kuu inayokaa macho muda wote, na inaweza kuendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka ya root, yaani ya msimamizi mkuu. Nitasema Docker kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo.

Kifurushi ambacho konteina inazaliwa kutoka kwacho tunakiita imeji. Ndani yake kuna toleo la PHP au Python ambalo programu inalitaka, maktaba zake (vipande vya programu vilivyoandikwa tayari), mpangilio wake, vyote. Iliyotembea kwenye kompyuta ya kijana kule Kampemba itatembea vilevile kwenye kasanduku ka shule. Zile hadithi za "mbona kwangu inatembea" zinapungua sana. Sisemi zinaisha.

Programu ya minervali kwa kawaida ni konteina mbili: moja ya programu yenyewe, nyingine ya hifadhidata, tuseme PostgreSQL. Zote zinaandikwa kwenye faili moja, compose.yaml, na faili hiyo ndiyo ningetaka prefe aione kwa macho yake, hata kama haelewi kila mstari. Kuna mstari mmoja lazima auelewe: ule unaotaja volumu.

Mama anayeuza soko la mtaa wa Kenya, hapa mjini, jioni anaacha meza na kuondoka na bidhaa. Meza ikivunjwa usiku, kesho atatafuta mbao. Konteina ni meza. Unaweza kuifuta na kuizaa upya kutoka kwenye imeji, na hakuna atakayelia. Bidhaa ni data, nayo inakaa kwenye volumu, nje ya konteina. Kijana asiyeandika volumu ameacha majina ya watoto ndani ya meza. Programu itatembea vizuri wiki nzima, kisha siku ya kuweka toleo jipya, konteina ya zamani inafutwa na minervali yote ya muhula inakwenda nayo. Na hata kama volumu ipo, jihadharini na herufi moja. `docker compose down` inaziondoa konteina na kuiacha volumu salama. `docker compose down -v` inaiondoa na volumu. Haikuulizi kama una hakika. Herufi hiyo nimeiona ikiandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kusafisha, na sitaki kusema zaidi.

Sasa nitafanya jambo ambalo mafundi hawapendi.

Hapa nilichomoa waya wa mashine iliyokuwa mezani. Projekta ikaonyesha ukurasa wa makosa, ukumbi ukacheka. Nikarudisha waya, nikaendelea kusema bila kuigusa mashine.

Mmeona sijabonyeza kitu. Sababu ya kwanza haihusu konteina kabisa. Kompyuta nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kubaki zimezimika umeme unaporudi, mpaka mtu abonyeze kitufe. Ndani ya BIOS, ile programu ya kiwandani inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa, kuna mahali pa kuiambia iwake yenyewe ikipata umeme. Utakuta kijana ameandika compose.yaml nzuri ya kufundishia, na kila asubuhi mlinzi ndiye anayewasha seva kwa kidole. Mlinzi akienda matanga, shule haina minervali.

Mashine ikiwaka, Linux inaamsha Docker, na Docker inatazama ni konteina zipi zilizoandikiwa `restart: unless-stopped`. Hizo inaziamsha. Ambazo hazikuandikiwa inaziacha zimelala, kwa sababu bila mstari huo Docker haina sera ya kuamsha kitu. Hapo kuna mtego ambao wanafunzi wengi hawaujui. Kwenye compose.yaml tunaandika `depends_on`, tukimaanisha: programu ingoje hifadhidata kwanza. Utaratibu huo unafuatwa unapoita amri ya compose kwa mkono. Mashine inapowaka yenyewe alfajiri, anayeamsha konteina ni Docker, naye hafuati foleni hiyo. Zote mbili zinaamka pamoja, programu inabisha kwa hifadhidata ambayo bado inafuta macho, inakataliwa, inakufa.

Je, tumepotea? La. Kwa sababu ya ule mstari wa restart, Docker inaijaribu tena: kwanza baada ya sehemu ndogo ya sekunde, kisha inaongeza muda maradufu kila mara, hadi dakika moja. Wakati huo PostgreSQL imekwisha kuwa tayari. Ndiyo maana mlipokuwa mnacheka, ukurasa ulichelewa kidogo kisha ukarudi. Programu inayojua kusubiri yenyewe ni bora zaidi, na nyingi za siku hizi zinajua. Mbaya kuliko zote ni ile inayoshindwa kuunganika lakini haifi. Inabaki imesimama kama sanamu, na Docker inaona mambo ni mazuri. Ukiiandikia kipimo cha afya, Docker itaipa alama ya mgonjwa, basi. Yenyewe haitaianzisha upya kwa sababu hiyo. Lazima kitu kingine kifanye kazi hiyo, hata kama ni skripti fupi inayopita kila baada ya dakika tano.

Na data iliyokuwa inaandikwa umeme unakatika? PostgreSQL kabla haijagusa jedwali inaandika kwanza kwenye daftari lake la mabadiliko, na inahakikisha maandishi yamefika kwenye diski ndipo inasema "imekubaliwa". Ikiamka baada ya ajali, inasoma daftari hilo na kumalizia yaliyokuwa hayajamalizika. Malipo yaliyokuwa katikati, ambayo risiti yake haijatoka, yanahesabika kama hayakufanyika. Ni haki. Mpangilio unaolinda jambo hili unaitwa fsync, nao umewashwa tangu mwanzo. Mtu akikushauri uuzime ili programu iende mbio, mshukuru, kisha usimsikilize. Kasoro inabaki kwenye diski zenyewe: kuna SSD za bei ya chini zinazosema zimeandika kumbe bado zinashika data kwenye kumbukumbu ya muda. Kadi ndogo za SD, zile za Raspberry Pi (kompyuta ndogo za ubao mmoja), hazipendi kabisa kukatiwa umeme zikiandika. Kama mna pesa ya kitu kimoja tu baada ya mashine, nunueni onduleri, betri ya kushika mashine umeme ukikatika, hata ndogo. Haihitaji kubeba saa sita. Ikibeba dakika chache na kuiambia mashine ijizime kwa adabu, imelipa bei yake.

Kuna jambo jingine dogo ambalo hugombanisha watu. Saa. Kwenye ubao wa kompyuta kuna betri ya duara, CR2032, inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme. Mashine nyingi tunazonunua ni za mitumba, na betri hiyo imekufa zamani. Mtandao ukiwepo, Linux inarekebisha saa yenyewe. Alfajiri mtandao haupo, kwa hiyo seva inaamka ikiamini ni miaka kadhaa nyuma. Mzazi anapewa risiti ya minervali yenye tarehe ya kabla mtoto wake hajaanza shule. Anarudi mwezi wa pili, anaambiwa hajalipa, anatoa risiti, na mtunza hazina anaitazama kama ya kughushi. Hapo watu wanatukanana bure. Betri yenyewe haifiki dola mbili. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa ya namna hiyo kabisa. Inabidi kuongeza kibao kidogo. Saa ikipotea, hata vyeti vya HTTPS vinakataliwa, kwa sababu mashine yenye saa mbovu inaona cheti bado hakijaanza kutumika au kimekwisha muda.

Nirudi kwenye mega, maana imeji si nyepesi. Imeji imejengwa kwa tabaka, na ukishusha toleo jipya unashusha tabaka zilizobadilika tu, mradi za zamani hujazifuta. Kwa hiyo ninyi mnaotengeneza programu, wekeni maktaba nzito kwenye tabaka za chini na maandishi ya programu yenu (code) juu, ili kubadilisha mstari mmoja kusimlazimishe prefe anunue mega kwa maktaba nzima. Msingi wa Alpine, Linux ndogo ya kujengea imeji, una ukubwa wa megabaiti 5 hivi. Misingi mingine inapita mara nyingi zaidi. Alpine ina vitimbi vyake na maktaba fulani za Python, lakini kwa programu nyepesi inafaa.

Njia ninayoipenda ni ya miguu. Shusha imeji mahali penye mtandao mzuri, igeuze faili kwa `docker save`, ikandamize, itie kwenye flashi, panda teksi hadi Ruashi, na huko uirudishe kwa `docker load`. Hakuna mega hata moja iliyotumika shuleni. Njia hii inakukinga na tatizo jingine: tangu Novemba 2020 Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, inawawekea kikomo wasio na akaunti, na kikomo kinahesabiwa kwa anwani ya IP. Ukiwa kwenye mtandao wa simu, anwani hiyo unaishiriki na watu usiowajua. Unaweza kukataliwa wakati hujashusha kitu.

Na penye jina la imeji msiandike `latest`, yaani toleo la mwisho lolote lile. Andikeni namba ya toleo. Hasa kwa PostgreSQL: ukiruka kutoka toleo kuu moja kwenda jingine kwa kubadilisha namba tu, itagoma kuwaka, itasema faili za data si za toleo lake. Data haijapotea, lakini mtu asiyejua hilo akiona ujumbe huo mbele ya prefe, ndipo anapoandika ile `-v`.

Kuhusu kuifikia seva kutoka nje, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wenu hamhitaji. Mitandao ya simu mara nyingi haikupi anwani ya umma ya kwako. Ukiona ruta yako imepewa anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127 mwanzoni, uko nyuma ya ukuta wa pamoja, na hakuna poti (mlango wa mtandao) ya kufungua itakayokusaidia. Kodisha seva ndogo nje, kisha seva ya shule ndiyo iipigie kwa tuneli (njia ya siri) ya WireGuard, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 5.6 la Machi 2020. Kingine: Docker inapofungua poti inaandika sheria zake moja kwa moja kwenye ngome (firewall) ya Linux, na ufw, chombo cha kupangia ngome hiyo, uliyoipanga kwa uangalifu inarukwa. Poti ya hifadhidata msiifungue kabisa. Programu inaifikia kupitia mtandao wa ndani wa konteina.

Nakala ya akiba ndiyo itakayotutoa jasho. Kunakili folda ya PostgreSQL wakati yenyewe inaandika si nakala. Ni picha ya mtu aliyepepesa macho katikati, na siku ya kuirudisha huenda isiwake. Tumieni `pg_dump`, amri ya PostgreSQL ya kutoa nakala, kila usiku, iandike kwenye diski nyingine, na mara moja kwa wiki faili hiyo itoke nje ya jengo. Wezi wakivunja ofisi watabeba seva na diski ya pembeni kwa pamoja, hawatawachagulia. Kisha jaribuni kuirudisha kwenye kompyuta nyingine. Kwa konteina ni kazi nyepesi: imeji ileile, volumu tupu, rudisha, hesabu wanafunzi. Idadi isipolingana, mmegundua mapema.

Faili hiyo inayotoka nje ifungwe kwa nywila. Majina ya watoto, deni la mzazi, ugonjwa wa mtu, hivyo ni data binafsi, na nchi yetu ina sheria juu yake: amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023, ile ya Kanuni ya Dijitali. Mtu mmoja aliniuliza: basi si tufunge diski nzima ya seva? Kwa kliniki nilisita kumjibu, na bado nasita. Diski iliyofungwa inadai nywila kila mashine inapowaka, na saa kumi na moja alfajiri hakuna wa kuiandika. Kwa shule ya kawaida ningefunga nakala kwa nywila na kuifungia seva yenyewe ndani ya kabati la chuma lenye matundu ya hewa. Kliniki yenye fishi za wagonjwa wa VVU ningeifunga diski, na muuguzi wa zamu ya asubuhi aandike nywila kabla hajaanza kazi. Atalalamika.

Kumbukumbu za matukio (logi) za Docker zenyewe hazina kikomo zisipoandikiwa, na zitakula diski polepole mpaka hifadhidata ikose pa kuandika. Mistari miwili inaziwekea kikomo, `max-size` na `max-file`. Tuendelee.

Wakubwa, mwulizeni kijana jambo la mwisho: akiondoka? Kijana anayejua kazi hii hapa mjini hakai sana. Mgodi mmoja wa Kolwezi utamwita, atapewa mshahara ambao shule haiwezi kuufikia, na ataondoka na baraka zenu. Simlaumu, nami ningeondoka. Kwa hiyo kabla hamjamlipa sehemu ya mwisho, awape daftari la karatasi. Ndani yake: compose.yaml imeandikwa wapi, nywila ziko kwenye bahasha gani ya kabati la prefe, nakala ya akiba inakwenda wapi, amri za kuirudisha moja baada ya nyingine. Kisha mwiteni kijana mwingine, asiyejua lolote, aiweke na kuiwasha programu yenu kwenye mashine tupu kwa kufuata daftari hilo tu, huku wa kwanza amekaa pembeni amefunga mdomo. Kila atakapokwama, mstari uongezwe. Akimaliza bila kuuliza, mlipeni wa kwanza.

Imeji zote nilizotumia leo ziko kwenye diski hii mezani, pamoja na compose.yaml. Wenye flashi njooni mnakili. Wenye kompyuta za kawaida chukueni folda ya amd64. Wa Raspberry Pi chukueni ya arm64, kwa sababu mkibeba ile nyingine, konteina itakataa kuwaka na itawaandikia `exec format error`. Mpangilio wa BIOS nitawaonyesha mmoja mmoja. Kila kiwanda kinauficha mahali pake.